Kukaza Nati za Rimu za Aloi kwenye Gari la Zamani

Rimu ya aloi hushikiliwa na mbano. Nati inapokazwa, stadi huvutika kidogo sana, kiasi kisichoonekana kwa macho, kisha hutaka kurudi kwenye urefu wake, na kwa kufanya hivyo huibana rimu kwenye uso wa habu. Mbano huo ndio unaohimili uzito wa gari, breki za ghafla na kona. Ukiwa mdogo, rimu hucheza, matundu yake hupanuka na stadi hukatika kwa uchovu. Ukizidi, stadi huvutika isirudi tena, au alumini iliyo chini ya nati hupondeka, na matokeo yanakuwa yaleyale: nati inalegea.

Wenye magari ya zamani huuliza zaidi kuhusu kipimo cha kukaza. Kipimo kina nafasi yake, lakini huja mwisho. Spana ghali ya toki, yaani ile yenye kipimo cha nguvu ya kukaza, ikiwekwa kwenye nati isiyo ya rimu hiyo, au juu ya kutu, itatoa namba sahihi na mbano wa uongo.

Aloi na chuma havikazwi sawa

Rimu ya chuma ni bati lililokunjwa, na vikalio vyake vya nati hunesa kidogo, jambo linalosaidia kuizuia nati isilegee. Aloi ni nene, hainesi, na uso wake ni laini kuliko nati inayoukalia. Zaidi ya hayo, alumini hutanuka takriban mara mbili ya chuma kwa joto lilelile. Gari likishuka mteremko wa Kitonga au wa Mai Mahiu huku breki zikichemka, joto hilo hufika kwenye habu na rimu, mbano hubadilika, kisha hubadilika tena vitu vinapopoa. Nati iliyokaliwa vibaya haivumilii mizunguko mingi ya namna hiyo.

Kwanza nati iwe yake

Nati au bolti huikalia rimu mahali pamoja tu, kwenye kikalio. Maumbo yasipolingana, mguso hubaki mstari mwembamba badala ya uso mzima, na mstari huo hupondeka mapema. Maumbo yanayokutwa sana ni haya:

- Koni ya nyuzi 60. Rimu nyingi zilizonunuliwa dukani, ambazo hazikutoka na gari kiwandani, zina kikalio hiki.
- Duara lililobinuka kama kipande cha mpira. Ndilo la Mercedes-Benz, Porsche na Volkswagen. Hata hivyo mbinuko hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo bolti ya Volkswagen haifai kwenye Mercedes kwa sababu tu zote mbili ni za duara.
- Bapa lenye washa na shingo. Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zilizotoka na rimu za aloi hutumia nati hizi. Shingo huingia ndani ya tundu, na washa ndiyo inayobana.

Lipo jaribio rahisi kwa mwenye shaka. Kikalio kipakwe wino wa kalamu nene ya alama, nati iingizwe na kukazwa kwa mkono, kisha itolewe. Wino uwe umefutika duara zima na kwa upana wa kutosha. Ukifutika ukingoni tu, juu au chini, nati hiyo si ya rimu hiyo.

Mercedes-Benz W123, gari lililotengenezwa kuanzia 1975 hadi 1986, ni somo zuri hapa. Rimu zake za aloi ni nene kuliko za chuma, kwa hiyo kila aina ina bolti zake: ndefu kwa aloi, fupi kwa chuma. Tairi la akiba mara nyingi limefungwa kwenye rimu ya chuma. Pancha ikitokea usiku, bolti ndefu za aloi zikaingizwa kwenye ile rimu ya akiba, ncha zake hupita habu na zinaweza kufikia viatu vya breki ya mkono kwenye magurudumu ya nyuma. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani: bolti fupi kwenye aloi hushika meno machache tu, hukaza bila tatizo, spana ya toki hulia kama kawaida, na meno hayo machache hung'oka baadaye barabarani. Bolti fupi zikae kwenye mfuko wake pamoja na jeki, na mfuko uandikwe ni za nini.

Toyota iliepuka tatizo hilo kwa njia nyingine. Nati yake yenye shingo ina mchongo wa koni mwishoni: kwenye aloi washa ndiyo inayokaa, kwenye rimu ya chuma ya akiba inakaa ile koni. Nati zilezile hutumika kwa zote mbili. Asiyejua hili huiona washa ikining'inia bila kugusa rimu ya akiba, akadhani nati haijafika, akaendelea kuvuta.

Meno ya nati na kina chake

Gari lenye umri wa miaka 40 limepita mikononi mwa mafundi wengi, na si ajabu gurudumu moja kuwa na nati za magari matatu. Michanganyiko ya hatari ni hii:

- Toyota nyingi hutumia M12 × 1.5 (kipenyo cha stadi na hatua ya meno kwa milimita), Nissan na Datsun nyingi M12 × 1.25. Kwa macho ni pacha. Nati ya moja huingia kidogo kwenye stadi ya nyingine kisha hugoma, na mwenye haraka hutafuta spana ndefu.
- Magari ya zamani ya Uingereza yana meno ya inchi: Mini ni 3/8 UNF, MGB ni 1/2 UNF. Nati ya nusu inchi hupwaya kwenye stadi ya M12, lakini ikivutwa inaweza kuonekana kana kwamba imeshika.
- Magari mengi ya Chrysler, Dodge na Plymouth ya hadi mwishoni mwa miaka ya 1960 yana meno ya kinyume upande wa kushoto. Stadi hizo kwa kawaida zina herufi L kwenye ncha. Anayezifungua kwa mazoea anakuwa anazikaza, na stadi hukatika.

Nati ishike kina kisichopungua kipenyo cha stadi. Hesabu yake ni mizunguko, kuanzia inapoanza kushika hadi inapogusa rimu: M12 × 1.5 ni mizunguko 8, M12 × 1.25 karibu 10, 3/8 UNF ni 9 na 1/2 UNF ni 10. Pungufu ya hapo, stadi ndefu zitafutwe kabla rimu haijafungwa.

Nati za kofia zinazong'aa, zilizozibwa mwisho, zina mtego wake. Stadi ikiwa ndefu hugota ndani ya kofia kabla koni haijakalia rimu. Nati inahisi imekaza kabisa ilhali rimu haijabanwa. Kina cha kofia na sehemu ya stadi inayotokeza nje ya rimu vipimwe kwa rula, na kofia iwe na nafasi ya ziada.

Usafi kabla ya kukaza

1. Uso wa habu usuguliwe kwa brashi ya waya hadi kutu, matope na mabaki ya rangi yaishe. Nyuma ya rimu pasuguliwe kwa msasa laini au brashi ngumu ya nailoni, kwa sababu waya wa chuma huchimba alumini.
2. Vikalio visiwe na rangi. Rimu zilizopakwa upya ndizo zinazosumbua zaidi: rangi iliyo chini ya nati hupondeka taratibu, na mbano hupungua kwa unene uleule. Wakati wa kupaka, vikalio na uso unaogusa habu vizibwe kwa utepe.
3. Meno ya stadi yapigwe brashi na kufutwa kwa kitambaa kikavu. Nati safi izunguke kwa vidole hadi mwisho. Inayogoma njiani ina meno mabovu, au stadi yenyewe imevutika.
4. Matundu yakaguliwe kwenye mwanga mzuri. Ufa unaoanzia kwenye tundu, au tundu lenye umbo la yai, huiondoa rimu barabarani. Kuchomelea eneo la matundu ya nati hakushauriwi.
5. Washa za kujazia nafasi, zile za dukani zinazowekwa ili nati iliyofika mwisho ibane, zitupwe. Nati inayohitaji washa hiyo si yake.

Ukanda wa pwani una shida ya ziada. Mombasa, Tanga na Unguja, chumvi ya hewani huchochea alumini na chuma kulana, na rimu hung'ang'ania kitovu cha habu. Utando mwembamba wa grisi ya kuhimili joto kwenye kitovu hicho unatosha kuzuia. Usifike kwenye uso bapa wala kwenye stadi. Rimu iliyokwisha kung'ang'ania hubanduka kwa njia hii: nati zote zilegezwe nusu mzunguko bila kutolewa, gari lishushwe, lisukumwe mbele na nyuma hatua chache. Nyundo ya chuma haina kazi hapa, na kulipiga gurudumu kwa miguu huku gari likiwa juu ya jeki ni kujitafutia ajali.

Grisi kwenye meno

Swali hili halikosekani, na jibu kwa magari mengi ni hapana. Karibu sehemu tisa kwa kumi za nguvu inayotumika kukaza nati huliwa na msuguano wa meno na wa kikalio. Kinachobaki ndicho kinachokuwa mbano. Grisi au mafuta yakipunguza msuguano huo, spana italia kwenye namba ileile lakini stadi itakuwa imevutwa zaidi sana ya ilivyokusudiwa. Vipimo vya vitabu vingi vya magari ni vya meno makavu na safi. Mafuta ya kulegezea kutu nayo yanahesabiwa: yakitumika kufungua, yafutwe kabla ya kufunga.

Ipo tofauti. Porsche, kwa baadhi ya magari yake, huelekeza pasti maalumu kwenye meno, na kipimo chake kimezingatia hilo. Kitabu cha gari kikisema pasti ipakwe, ipakwe hiyohiyo, kiasi hichohicho, mahali hapohapo.

Wapo watakaosema kwamba bila grisi nati zitaota kutu. Kutu nyepesi huondolewa kwa brashi kila magurudumu yanapotolewa. Stadi iliyotafunwa na kutu haiokolewi na grisi.

Hatua za kukaza

1. Gari lisimame mahali tambarare na pagumu, breki ya mkono ivutwe, magurudumu yanayobaki chini yawekewe kabari.
2. Rimu ikalishwe bapa kwenye habu na ishikiliwe hapo. Nati zote zianzwe kwa vidole, kila moja mizunguko kadhaa. Nati iliyopinda meno huhisiwa na vidole mapema. Bunduki ya upepo haihisi kitu.
3. Gurudumu likiwa bado hewani, nati zikazwe kidogo kwa spana fupi, kwa kupishana. Nati nne hufuata msalaba. Tano hufuata nyota: ya 1, ya 3, ya 5, ya 2, ya 4. Sita hukazwa kwa jozi zinazoelekeana. Gurudumu litikiswe kidogo katikati ya kazi ili litulie.
4. Gari lishushwe mpaka tairi liguse ardhi kiasi cha kutozunguka, bila uzito wote kulikalia.
5. Spana ya toki iwekwe kwenye nusu ya kipimo na duru nzima ikamilishwe. Kisha iwekwe kwenye kipimo kamili, duru ya pili, kwa mpangilio uleule.
6. Spana ivutwe polepole bila kushtua. Inapolia mara moja, basi. Kuivuta tena na tena ili kuhakikisha kunaongeza mkazo kidogo kila mara.
7. Duru ya mwisho ni ya ukaguzi. Nati yoyote iliyosogea kabla ya spana kulia inamaanisha rimu ilikuwa bado haijatulia, na nati zote zipitiwe tena.

Soketi iwe nyembamba na yenye ala ya plastiki, la sivyo mashimo ya rimu yatachubuka. Kwa nati za alumini, kama zile za rimu za Fuchs za Porsche 911, soketi isiyokaa sawasawa huzila kona kwa siku moja.

Spana ya toki yenyewe ina adabu zake. Haitumiki kufungulia nati. Baada ya kazi hurudishwa kwenye namba yake ya chini kabisa, ili springi ya ndani isichoke. Ya 40 hadi 200 Nm (nyutoni-mita) hufaa magari mengi madogo. Ikianguka sakafuni, isiaminiwe mpaka ipimwe.

Ni kipimo gani

Kitabu cha gari ndicho kinachoamua. Mifano michache inaonyesha tofauti zilivyo kubwa:

- Mini ya zamani: karibu 60 Nm.
- Toyota ndogo zenye stadi za M12: 103 Nm.
- Mercedes-Benz W123: karibu 110 Nm.
- Porsche 911 ya zamani: 130 Nm.
- Toyota Land Cruiser 200: 131 Nm kwa rimu za aloi, 209 Nm kwa rimu za chuma.

Gari hilo la mwisho si la zamani, lakini linatajwa kwa sababu linajibu hoja ya kwamba gari moja lina kipimo kimoja. Rimu ikibadilishwa, kipimo kinaweza kubadilika nayo. Kwa rimu ya dukani, namba ya mtengenezaji wa rimu ifuatwe mradi haizidi uwezo wa stadi za gari.

Vitabu vya zamani hutumia vipimo mbalimbali. Kilo-mita moja ni Nm 9.8, na futi-ratili moja ni Nm 1.36. Kuchanganya Nm na futi-ratili ndiko kunakokata stadi za Mini: namba ya 60 ikisomwa kama futi-ratili inakuwa zaidi ya 80 Nm.

Spana ya toki isipokuwepo

Hesabu inasaidia. Kwa 110 Nm, spana ya sentimita 40 huhitaji mvuto wa kilo 28 mwishoni mwake, ukiwa wima kwa spana. Mizani ya ndoano, kama ile ya kupimia magunia madogo, ikifungwa mwishoni mwa spana na kuvutwa hadi 28 inatoa kipimo kinachokubalika mpaka spana halisi ipatikane.

Mtu wa kilo 75 akipanda juu ya spana hiyohiyo, nguvu inakuwa karibu 294 Nm, zaidi ya mara mbili na nusu. Akiongeza bomba hadi mita moja, inapita 730 Nm. Mguu na bomba viachwe kwa kazi ya kufungua nati zilizokazwa na mtu mwingine.

Kwa fundi wa pancha

Wengi husema fundi hana muda wa nyota wala vipimo. Yanatosha maombi mawili: nati zianzwe kwa vidole, na zikazwe kwa spana ya mkono, bunduki ibaki kufungulia. Kipimo cha mwisho mwenye gari hukiweka mwenyewe.

Bunduki ikiwa imeshatumika kukazia, kupitisha spana ya toki juu yake hakusemi lolote. Nati iliyokazwa kwa 250 Nm italia papo hapo kwenye spana iliyowekwa 110, na mtu ataondoka ameridhika. Nati zilegezwe zote na kazi ianze upya.

Baada ya kilomita 50 hadi 100

Nati zikaguliwe tena kwa kipimo kilekile, rimu ikiwa imepoa kabisa. Hazilegezwi kwanza, spana huvutwa tu hadi ilie. Nati kusogea kidogo safari hii ni kawaida, hasa kwa rimu zilizopakwa rangi, stadi mpya au barabara ya makorongo. Zikisogea tena kwenye ukaguzi wa pili, dawa si kuongeza kipimo. Chanzo kiko kwenye kikalio, uchafu au stadi iliyovutika, na gurudumu litolewe likaguliwe.

Dalili za kusimama mara moja

- Mlio wa kugongagonga kwa mwendo mdogo, unaobadilika gari linapopinda.
- Usukani au mwili wa gari kuanza kutetemeka ghafla, bila shimo lililopigwa.
- Vumbi jeusi au michirizi ya kutu inayotoka kwenye matundu ya nati.
- Nati moja kupotea. Zilizobaki zinaweza kuonekana nzima, lakini zimekuwa zikibeba mzigo wake.

Kukaza nati barabarani na kuendelea kwa kasi ileile hakutoshi. Gari liendeshwe polepole hadi mahali pa karibu ambapo gurudumu linaweza kutolewa.

Stadi ikikatika au kuvutika

Stadi iliyovutika hujulikana kwa nati inayoingia vizuri kisha kugoma sehemu moja, au kwa meno yaliyoachana yakipimwa kando ya bolti mpya. Ikikatika moja, stadi zote za gurudumu hilo zibadilishwe, kwa sababu za jirani zilishabeba mzigo usio wao. Stadi mpya huvutwa ndani ya habu kwa nati ya kawaida ya chuma na rundo la washa nene. Nati za rimu za aloi zisitumike kwa kazi hiyo, maana vikalio vyake huharibika kabla hazijafungwa hata mara moja. Kichwa cha stadi kikikaa bapa nyuma ya habu pande zote, rimu hurudishwa kwa hatua zilezile, na ukaguzi wa kilomita 50 hadi 100 hufanywa mara mbili badala ya moja.